Utumbo Ukipasuka, Usingoje Kesho

Umri ukienda, ukuta wa utumbo mpana huweza kufanya vifuko vidogo, daivatikula. Wengi huishi navyo bila kujua. Hatari ni kifuko kikipasuka, uchafu ukamwagika tumboni.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990 hadi 2005 ulikuta wagonjwa wasiofika 3 kwa watu 100,000 kila mwaka. Ni wachache, lakini katika miaka hiyo waliongezeka maradufu, na katika mwaka wa kwanza hatari yao ya kufa ilizidi ya wenzao zaidi ya mara 4.

Huku kwetu ugonjwa huu ulikuwa nadra. Mwaka 1971 Dk. Denis Burkitt, aliyewahi kuwa mpasuaji Uganda, na mwenzake Neil Painter waliuhusisha na chakula kilichokobolewa, kisicho na nyuzinyuzi. Basi mkazi wa Rungwe asiyaache maharage na mboga za majani.

Tumbo likiuma ghafla, likawa gumu kama ubao, na homa ikapanda, msimpe mgonjwa dawa ya kuharisha. Mwahisheni hospitali ya wilaya Tukuyu usiku huohuo. Akipewa rufaa, Mbeya ni kilometa 70 hivi. Tafuteni gari mapema. Kuchelewa ndiko kunakoua.