Rotili za mbele za Coccinelle: usilale chini ya kriki

Ndugu wafanyakazi, kazini kila mmoja wetu anajua sheria: hatupiti chini ya mzigo unaoning'inia, wala hatuingizi mkono ndani ya mashini isiyofungwa. Lakini siku ya posho, nyumbani, watu wale wale wanalala chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki moja, na mtoto ameegemea mlango. Leo tuongee juu ya kazi ambayo wenye Volkswagen Coccinelle za zamani wanapenda kuifanya wenyewe: kubadilisha rotili za mbele.

Rotili ni kiungo chenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe cha chuma, sawa na nyonga ya mtu. Inaunga gurudumu na mikono ya chuma inayolibeba, ili lipande, lishuke na kugeuka. Coccinelle zilizotengenezwa kabla ya Agosti 1965 hazina rotili hizi. Zina pivo za kutiwa girisi. Tangu mwezi ule Volkswagen iliweka rotili nne, mbili kila upande, moja juu na moja chini, kila moja na kofia yake ya mpira. Kofia ikipasuka, vumbi nyekundu na maji ya mvua vinaingia, girisi inakuwa kama msasa, na kichwa kinaliwa polepole. Rotili iliyolika kabisa inaweza kuchomoka katika mwendo. Hapo gurudumu linalala, na volani haikusikii tena.

Dalili zake ni hizi: mlio wa «ko, ko» katika mashimo, motokari inayovuta huku na huku, mpira unaolika upande mmoja. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage freni. Mchezo ukiisha, ni rulma za gurudumu. Ukibaki, tazama rotili: tia chuma kirefu chini ya kiungo, sukuma taratibu, na uangalie kama kichwa kinatembea ndani ya kikombe.

Sasa angalieni vizuri. Moteri ya Coccinelle iko nyuma, kwa hiyo watu wanasema mbele ni nyepesi. Nyepesi namna gani? Motokari nzima ina kilo 800 na zaidi, na mbele peke yake inapita kilo 300. Uzito huo unatosha kuvunja kifua cha mtu. Kriki iliyokuja na motokari inaingia katika tundu la ubavuni, na tundu hilo mara nyingi limeliwa na kutu. Ni ya kubadilisha mpira tu. Kwa kazi hii, simamisha motokari juu ya sima au udongo mgumu, zuia magurudumu ya nyuma kwa mbao mbele na nyuma, inua kwa kriki ya garaji, kisha weka miguu miwili ya chuma chini ya bomba za ekseli. Matofali hapana: yanapasuka bila kukuambia. Isukume motokari kwa nguvu kabla ya kuingiza hata mkono. Mama, wewe una ruhusa ya kusimamisha kazi kama watoto wanacheza karibu.

Kamba ya mita ya mwendo inapita katikati ya gurudumu la mbele la kushoto. Toa kipini chake kwanza. Freni ifungwe kwa waya, isining'inie juu ya bomba lake. Rotili ya juu ina pete inayopanga mlalo wa gurudumu: ichore alama kabla ya kuifungua. Unapolegeza ekru za rotili, ziache zimeshika nyuzi chache. Mkono wa chuma unasukumwa na vyuma vya resori vilivyo ndani ya bomba, na ekru hiyo ndiyo inauzuia usikuangukie. Kabla ya kutoa amortiseri, tia kriki ya pili chini ya mkono. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu nyundo juu ya chuma kigumu inarusha vipande.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Rotili imekazwa ndani ya mkono kwa nguvu ya presi. Kuna wanaoipiga kwa nyundo kubwa, na kuna wanaoleta shalimo ili kupasha mkono moto. Tangi ya esansi ya Coccinelle iko juu ya ekseli ya mbele, yenye litri 40 hivi ikijaa. Na hata kama mkono umetolewa nje, chuma kilichopashwa moto ovyo kinapoteza nguvu yake, bila alama ya kukuonya. Toa mkono mzima, upeleke kwa fundi mwenye presi, naye atatoa rotili ya zamani na kuingiza mpya sawasawa. Malipo ya kazi hiyo si hasara.

Wenye 1302, iliyoanza kutengenezwa Agosti 1970, na 1303 iliyofuata, jueni kwamba zenu ni tofauti: mbele zina resori ya kuzunguka juu ya amortiseri. Ekru ya katikati, juu kabisa, inashika resori iliyobanwa. Msiifungue bila chombo cha kubana resori.

Wakati wa kurudisha, tumia ekru mpya za kujifunga, si zile za zamani. Usipasue kofia ya mpira kwa bisibisi. Kaza bulo za magurudumu mara ya mwisho motokari ikiwa chini. Jaribu freni ukiwa bado uani, kisha tembea polepole bila abiria, na upeleke motokari kupimwa paralelismu. Baada ya siku chache tazama tena ekru zote na kofia zote nne.