Harufu ya Ndizi Isiyotoka kwa Ndizi

Kwenye baa nyingi za Tanzania na Kenya, ukishataja bia yako mhudumu atakuuliza: baridi au moto? Wengi tunajibu baridi bila kufikiri, na anayeagiza ya moto tunamdhania ana mafua. Lakini kwa mtu anayetaka kuijua bia, yule wa moto yuko karibu na haki kuliko sisi. Baridi kali hufisha ulimi, na harufu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha, haipandi vizuri kutoka kwenye kinywaji kilichokaribia kuganda. Laga iliyotoka kwenye friji ikiwa nyuzi 2 haina la kusema. Iache ifike 6 au 7, uanze kuisikia shayiri. Stauti nyeusi inataka 10 hadi 13 ndipo utambue kama uchungu wake ni wa kahawa au wa mkate ulioungua. Joto la mchana wa Dar es Salaam, hata hivyo, si dawa: nyuzi 30 hazifai kwa bia yoyote.

Bia za viwanda vidogo, ambazo sasa zinapikwa Nairobi na miji mingine ya kwetu, zimeleta aina mpya ya mnywaji: anayenusa kabla ya kunywa, halafu anaandika. Huyu hupewa ushauri mwingi kuhusu glasi na rangi. Mimi humwelekeza kwanza kwenye karatasi ya waamuzi wa mashindano. Chama cha waamuzi cha BJCP, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985, hutoa alama 50 kwa mgawanyo huu: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5, na 10 zilizobaki ni za bia nzima kwa jumla. Yaani rangi na povu, ambavyo ndivyo tunavyovipiga picha, vina alama 3 tu. Waamuzi hao pia humeza. Mwonja divai anaweza kutema, lakini mwonja bia akitema anakosa harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani, na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Ndiyo maana glasi zao ni ndogo, funda mbili tatu basi, na huanza na bia nyepesi wakaenda kwenye nzito.

Ila karatasi hiyo haitumiki mpaka useme unaonja bia ya aina gani. Hapo ndipo waandishi wengi wapya wanapoteleza.

Chukua bia ya ngano ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mimina polepole kwenye glasi ndefu, bakiza kidogo, zungusha chupa ili hamira iliyotuama chini iamke, kisha malizia. Itakuwa na ukungu, na povu zito jeupe. Inuse. Utakutana na ndizi iliyoiva kabisa, na nyuma yake karafuu. Humo hakuna kipande cha ndizi wala punje ya karafuu. Kazi yote imefanywa na hamira. Inapokula sukari ya kimea kwenye joto la nyuzi 20 hivi hutoa isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Karafuu ina njia ndefu zaidi. Nafaka ina asidi ya feruliki, na mpishi anayeitaka hushikilia uji wake wa kimea kwenye nyuzi 45 hivi kwa muda, kabla ya kuongeza moto, ili asidi hiyo itoke. Baadaye hamira huigeuza kuwa kitu kinachonukia karafuu. Akiiruka hatua hiyo, karafuu inafifia na ndizi inatamba. Kwa hiyo pua yako ikikuambia ndizi ni nyingi kuliko karafuu, umeshaanza kusoma alichofanya mpishi kwenye sufuria yake. Mtu wa Pemba, kisiwa cha karafuu, nadhani ana nafasi nzuri zaidi ya kuisoma kuliko Mjerumani.

Bia hii nusura ipotee. Kwa muda mrefu haki ya kuipika ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Wittelsbach, watawala wa Bavaria. Katika karne ya 19 wanywaji walikuwa wamehamia kwenye laga, hadi mwaka 1872 Georg Schneider alipopewa haki hiyo na Mfalme Ludwig II. Kiwanda cha ukoo wake bado kinaipika.

Sasa ikute ndizi hiyohiyo kwenye pilsna, bia angavu ya dhahabu ambayo Josef Groll aliipika kwa mara ya kwanza mjini Plzeň mwaka 1842. Hapo ni kosa. Hamira ya pilsna hufanya kazi kwenye ubaridi, polepole, na ndizi ina maana kwamba pengine joto lilipanda au hamira ilitaabika. Siagi nayo ni hivyohivyo. Kwenye laga nyingi harufu ya siagi inaonyesha kwamba bia iliondolewa mapema, kabla hamira haijapata muda wa kuila tena diasetili, kemikali yenye harufu hiyo, iliyobaki, lakini Wacheki huvumilia kidokezo chake kwenye pilsna yao. Harufu ni moja, hukumu ni mbili.

Kuna makosa yasiyo na utetezi kwenye laga wala kwenye bia ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Harufu ya boksi lililolowa ni ya bia iliyozeeka kwa hewa ya oksijeni, na joto la ghala huharakisha uzee huo. Harufu ya kicheche hutokana na mwanga, unaovunja kemikali chungu za hopsi na kuzaa kitu chenye salfa. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe ni kama haipo. Ukiiona bia ya chupa nyeupe imepangwa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua, usimlaumu mpishi kwa utakachokinusa. Mlaumu mwenye duka.

Kinachonikera ni nyota. Programu za simu kama Untappd, iliyoanza mwaka 2010, humtaka mnywaji atoe nyota hadi 5, na orodha za juu hujaa stauti nzito za asilimia 10 na zaidi pamoja na bia zenye hopsi za kupindukia. Bia ya kelele hukumbukwa. Laga nyepesi iliyopikwa bila doa, ambayo ni ngumu zaidi kuipika kwa sababu haina pa kuficha kosa, huambulia tatu na nusu. Mwaka 2005 tovuti ya RateBeer iliitangaza Westvleteren 12 ya Ubelgiji kuwa bia bora duniani. Ni bia nyeusi ya asilimia 10.2, inayopikwa na watawa wa Sint-Sixtus. Magari yakapanga foleni nje ya monasteri, na watawa wakakataa kuongeza kiasi wanachopika. Ni bia nzuri sana. Lakini bora kuliko pilsna? Hapana, ni kama kuuliza pilau ni bora kuliko chai.

Kwa hiyo mapitio ninayoyaamini yana maneno mengi na namba chache: aina, tarehe ya kutengenezwa, joto, harufu, uchungu, na kama mpishi ametimiza alichokusudia. Mtu wa Moshi aanze na ya nyumbani. Mbege ina ndizi za kweli, ina ulezi ulioota, na uchungu wake hutoka kwenye gamba la mti wa msesewe, linalofanya kazi ambayo Mzungu amezipa hopsi. Ukungu na uzito kwenye pilsna ni dosari. Kwenye mbege, bila uzito wa ulezi umepunjwa. Uchachu nao hauhukumiki peke yake, kwani chachu haisimami na mbege ya jana haitakuwa hiyohiyo kesho kutwa. Anayeandika aulize kwanza imeiva lini, na msesewe uliwekwa kiasi gani, ndipo aseme kama imechacha kupita kiasi.