Bunia: Kamio za makopo, kazi ya mikono ya watoto

Katika vijia vya Bunia, kopo la mafuta halitupwi ovyo. Watoto hulikata kwa kisu, hulikunja, na linakuwa kabini ya kamio. Magurudumu hutoka kwenye soli ya sandali iliyochakaa, yakishikwa na waya wa chuma. Usukani ni kijiti kirefu, ili dereva aendeshe akiwa amesimama.

Kazi ngumu iko mbele: magurudumu mawili yasipogeuka pamoja, kamio inapinduka kwenye kona. Bati nalo hukata vidole, kwa hiyo kingo hukunjwa kwa ndani na kupondwa kwa jiwe. Ni ufundi halisi, ingawa wakubwa wengi huuona mchezo tu.

Mfano wa kuiga uko barabarani. Kamio kutoka Uganda kupitia Mahagi huingia mjini kwa barabara ya taifa namba 27. Ni kazi ya hatari: Septemba 2021, kwenye barabara namba 4 kati ya Komanda na Luna, msafara uliosindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa, na magari kadhaa yakateketezwa.

Kwa kamio za makopo, shida kubwa ni soli: ile laini huisha upesi kwenye changarawe.