Funzi: Tuijue Nyumba Kabla ya Kupiga Hodi

Atokaye Msambweni kwenda kusini hufika Bodo, na hapo hupanda mashua hadi kisiwa cha Funzi. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kimezungukwa na mikoko, na wenyeji wake wengi ni wavuvi. Ukiwauliza asili yao, watakujibu bila kusita kwamba wao ni Washirazi.

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu ni kujaza karatasi na kuzihifadhi. Siku moja alinijia mzee wa Funzi pamoja na binti yake, aliyepewa mkataba wa kazi ya nyumbani huko Saudia. Walitaka niwasomee. Mzee aliniambia, "Bwana karani, mimi sina hofu. Asili yetu ni huko huko. Mtoto anakwenda kwa jamaa." Nikamwuliza, "Mzee wangu, mfanyakazi akionewa katika nchi ile, hushtaki wapi?" Akanyamaza. Nami sikulijua jibu, nikaona haya. Nikawaomba muda, nikaenda kusoma.

Kwanza nilitazama hiyo asili. Shiraz ni mji wa Uajemi, nchi iitwayo leo Iran, na lugha yake ni Kiajemi wala si Kiarabu. Hata sisi twayatumia maneno yake kila siku: nahodha, bandari, pamba, na hili neno serikali lenyewe. Wataalamu walibishana muda mrefu kama masimulizi ya Washirazi ni kweli. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya kale ya pwani. Ilionekana kwamba tangu karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganya damu na wanawake wa Kiafrika, na kwamba Waarabu waliongezeka baadaye. Kwa hiyo wazee hawakutudanganya, ila tusiwasahau mama zetu. Lakini damu ya miaka elfu moja si pasipoti. Iran ni Jamhuri ya Kiislamu tangu 1979. Saudia ni ufalme wa Kiarabu uliopewa jina hilo mwaka 1932. Hiyo "huko huko" ya mzee ni nchi mbili, zenye serikali mbili zisizofanana.

Tena, mambo ya nchi hizo yametufikia siku zote, tuyajue tusiyajue. Waarabu wa Oman waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Uhindini, akaamua kwamba Unguja na Maskati zitengane. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakampimia Sultani wa Unguja ukanda wa pwani wa maili 10, na Funzi imo ndani yake. Tangu 1895 Waingereza waliutawala ukanda huo kwa niaba yake, mpaka mapatano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya, iliyopata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka ule ule. Basi mvuvi wa Funzi aliyezaliwa kabla ya siku hiyo alizaliwa chini ya bendera ya Sultani. Katika maamuzi hayo yote, hakuna hata moja lililofanywa Funzi.

Uchumi nao ni vivyo hivyo. Zamani majahazi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi, yakileta tende na mazulia, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko, hasa za Lamu na Rufiji. Nchi za Ghuba hazina miti mingi ya kujengea, na upana wa vyumba vyao vya kale ulifuata urefu wa boriti zetu. Kisha mafuta yakapatikana: Uajemi mwaka 1908, Kuwait na Saudia mwaka 1938. Fedha zikaleta saruji na chuma, haja ya boriti ikapungua; na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje. Zamani Ghuba ilitaka miti yetu. Siku hizi yataka mikono ya watoto wetu.

Hapo ndipo nilipolikuta jibu la mzee. Katika nchi nyingi za Ghuba kuna utaratibu uitwao kafala, ambao humfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake. Lakini Ghuba si nchi moja. Qatar mwaka 2020 iliruhusu wafanyakazi, hata wa nyumbani, wabadili kazi bila idhini ya mwajiri. Saudia nayo ililegeza sheria mwezi Machi 2021, ila watumishi wa nyumbani hawakuhesabiwa katika nafuu ile. Wao hawamo katika sheria ya kazi ya mwaka 2005. Wana kanuni zao mbali. Msichana wa Funzi na kijana wa dukani waweza kupanda ndege moja, wakashuka mji mmoja, na kila mmoja akawa chini ya sheria yake.

Walipokuja mara ya pili niliwaeleza hayo yote. Binti, ambaye siku ya kwanza hakusema neno, aliuliza maswali matatu: mshahara ni kiasi gani, wakala ameandikishwa na serikali, na ubalozi wetu uko mji gani. Wa mwisho nilimjibu: Riyadh. Mawili ya kwanza tuliyatafuta pamoja katika karatasi zake, na mahali pa mshahara palikuwa patupu. Mzee alimtazama bintiye, kisha akaukunja mkataba akautia mfukoni. Hakutiwa sahihi mtu siku ile.

Sisemi watu wasisafiri. Baba zetu walisafiri, na fedha ya ugenini imejenga nyumba nyingi hapa kwetu. Nasema kwamba kuzisoma nchi za Waarabu na Waajemi, nani atawalaye, mali yatoka wapi, sheria yamlinda nani, si kazi ya maprofesa peke yao. Kuuliza si ujinga, na aulizaye njia hapotei.