Mguu Huchonga, Maji Hula

Ukitaka kutembea kwa miguu Busia au Malaba, usianzie barabara kuu. Huko trela zimepanga foleni zikingoja kuvuka kwenda Uganda, nawe unapenya ubavuni mwa magurudumu umekumbatia begi. Shika vijia. Nyuma ya nyumba za Marachi Estate, kando ya mashamba ya mihogo, hadi mabondeni mwa mto Sio, kuna njia ambazo hakuna mhandisi aliyezichora. Mimi kazi yangu ni kupanga njia, na nakiri nyingi kati ya hizo zimekaa vizuri kuliko zetu.

Siri yake ni mzigo. Mama anayetoka sokoni na debe la mahindi kichwani hakipandi kilima wima. Hukata ubavu wake, akazunguka kidogo ili pumzi imtoshe. Wakipita hivyo watu wengi, kijia kinalala kwenye mteremko mpole. Sisi tuna kanuni: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, na kwa kawaida usipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10. Mama hakuisoma popote. Shingo yake ndiyo inayoijua.

Njia iliyonyooka kutoka juu hadi chini, ambayo mara nyingi imefunguliwa na pikipiki, haimalizi misimu mingi. Nyayo na magurudumu hushindilia udongo hadi maji yakashindwa kupenya, na mvua ya Machi hadi Mei ikishuka, njia inakuwa mfereji. Itazame kwa karibu. Kwanza kunachimbika ufa mwembamba katikati. Watu wanaukwepa, wanakanyaga ukingoni, nyasi zinakufa. Baadaye mizizi ya mwembe iko nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na pembeni vimezaliwa vijia vingine viwili. Hapo mtu hudai saruji. Kinachotakiwa ni jembe: uso wa njia uinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yaivuke badala ya kuifuata, na mawe yapangwe kwa mshazari pale panapoporomoka.

Kisha kuna mpaka. Kabla ya Aprili 1902 eneo hili lote, hadi karibu na Naivasha, lilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka wa leo uliandikwa kwa kina katika amri ya Waingereza ya 1926. Kuna sehemu unafuata mito, Sio na Malaba ikiwemo, lakini mjini Busia unapita katikati ya makazi, na miguu haikuusubiri. Baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo vya pande mbili ndizo zilizotupa neno boda boda. Njia za panya nazo zinajulikana na kila mtoto. Kwa hiyo beba kitambulisho, na uliza mwenyeji kabla ya kukata kona: kijia kizuri kinaweza kukufikisha Uganda bila muhuri.

Ukiwa na siku nzima, panda hadi Kakapel, kwenye vilima vya Teso Kaskazini. Chini ya mwamba mkubwa kuna michoro ya ng'ombe na maumbo ya duara, tabaka juu ya tabaka, kazi ya watu wa nyakati mbalimbali. Katika udongo wa hapo watafiti walipata punje ya kunde ya takriban miaka 2,300, na matokeo yao yakachapishwa 2024. Maana yake watu wamekuwa wakipandisha chakula kilimani humo muda mrefu sana. Ukifika, usiuguse mwamba, wala usiumwagie maji ili rangi zing'ae kwenye picha, tabia ambayo imeharibu michoro ya mapangoni kwingi. Chupa yako inywe mwenyewe. Kilima bado kina mteremko wa kurudi.