Mteja Wako Siku ya Dhiki

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni juu ya mwenye duka na mteja wake.

Tuseme wewe una duka la mbegu na mbolea huko Soni, katika njia ya kwenda Lushoto. Wateja wako ni wakulima wa kabichi, karoti na viazi. Mboga zao hushuka kwa lori mpaka Mombo, kisha huenda Tanga na Dar es Salaam. Lakini masika, tangu Machi hata Mei, mvua ikizidi udongo wa milimani huporomoka na kuziba barabara. Kabichi huoza. Mkulima hana fedha, na bila mbegu hatavuna tena.

Sasa anakuja kwako kukopa. Ukimfukuza, leo hupotezi kitu. Lakini siku ya neema atapita mlangoni pako aende duka jingine, na nduguze watamfuata. Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Walakini, mwenye duka akimkopesha kila mtu atafilisika, na aliyefilisika hamsaidii yeyote. Basi shika mambo manne.

1. Pima uwezo wako. Ikiwa mtaji wako ni shilingi 600,000, nawe umetenga sehemu moja katika sita kwa mikopo, hiyo ni shilingi 100,000. Ikiisha, sema wazi kuwa imeisha.

2. Kopesha kitu kitakachomwinua, yaani mbegu na mbolea. Siku ya kulipa iwe baada ya mavuno, si kabla.

3. Usipandishe bei kwa sababu ya shida yake. Shida itakwisha, lakini bei ile hataisahau.

4. Andika jina, kitu, bei, tarehe na siku ya kulipa. Msomee, naye ajisomee mwenyewe, kisha kila mmoja atie sahihi na kubaki na nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo ndipo mnaona faida ya kusoma. Asiyejua kusoma hutia dole gumba chini ya maneno asiyoyajua, na hapo ugomvi huanza.

Swali la kujadiliana darasani: Siku ya kulipa imefika, na mvua imeharibu mavuno tena. Mkulima afanye nini? Mwenye duka naye afanye nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.