Shaba Mbili Ndani ya Jani la Chai

Chuma jani changa la chai pale Katumba, Rungwe, ulifikiche kwa viganja, kisha ulitazame. Dakika chache tu, kijani kinaanza kugeuka hudhurungi, na harufu ya nyasi mbichi inapisha harufu tamu inayokaribia ya tunda lililoiva. Hujawasha moto wala hujatia dawa. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kilichokuwa kimekaa kikisubiri ulivunje.

Viwandani, Rungwe hata Mufindi, hatua hii huitwa kuchachusha. Jina limezoeleka, lakini linapotosha. Ulanzi wa Iringa ndio unaochachuka hasa, kwa kuwa hamira zilizo hai hula sukari ya utomvu wa mianzi na kutoa kileo. Chai haihitaji kiumbe wa kuila. Inabadilishwa na protini yake yenyewe, iitwayo polifenoli oksidesi.

Jani likiwa zima, protini hiyo na katekini, zile kemikali zinazoipa chai ukakasi, hukaa vyumba tofauti ndani ya seli. Mashine inaposaga jani lililonyaushwa, kuta zinabomoka, hewa inaingia, na vitu vilivyotengwa tangu jani lichipue vinakutana. Katekini zinaungana kuwa theaflavini, zenye rangi ya dhahabu na ule ukali mzuri mdomoni, na thearubigini, zinazoipa chai wekundu wake.

Umbo la kimeng'enya hiki ndilo linalonistaajabisha. Mwaka 1998 wanasayansi, akiwemo Bernt Krebs wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, walichapisha ramani ya ndugu yake wa karibu, waliyemtoa kwenye kiazi kitamu. Waliigandisha protini ikawa fuwele, wakaipiga miale ya eksirei, wakasoma mahali pa kila atomu. Walikuta mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na katikati yake misokoto minne imesimama kama nguzo za msonge. Kati ya nguzo hizo kuna atomu mbili za shaba, kila moja imeshikwa na histidini tatu. Juu yake imeinama asidi amino nyingine, mfano wa mlinzi wa mlangoni.

Shaba hizo husogea. Katika hali moja zinaachana kwa nanomita 0.29, zikipokea elektroni zinafikia 0.44. Hapo molekuli ya oksijeni hupata nafasi ya kujipachika katikati, kazi inafanyika, oksijeni inaishia kuwa maji, na kimeng'enya kinarudi kuanza upya. Jani lenye upungufu mkubwa wa shaba hunyauka vizuri tu, lakini halitaki kuwa jekundu. Jozi ya shaba ya namna hiyohiyo hubeba oksijeni katika damu ya pweza wa pwani, ndiyo maana damu yake ni ya bluu.

Kiwandani kimeng'enya hupewa saa moja hivi, pengine mbili, kisha jani hupelekwa kwenye hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Mikunjo inafumuka, umbo linapotea, kazi inakoma. Chai ya kijani hupata joto mapema, kabla ya kimeng'enya kuanza, basi inabaki kijani.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayoweusha parachichi la Rungwe likishakatwa na kiazi cha Mbeya kikishamenywa. Mama lishe anayetumbukiza viazi kwenye maji anakinyima kimeng'enya hewa. Anayekamulia limao kwenye parachichi anakitibua kwa asidi, na asidi hiyo huivuta shaba. Hiyo ni kemia sahihi kabisa, iliyojulikana jikoni kabla ya eksirei.

Ila kwa mkulima mdogo jambo hili ni la fedha. Anachuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu wote, anayapeleka kituoni, na lori halijafika. Majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia yanapata joto na kupondeka, na pale yalipopondeka kuta za seli zimeshabomoka. Kimeng'enya kimeanza kazi barabarani, mahali ambapo hakuna wa kukipimia muda. Jani linafika na mabaka mekundu, na linakataliwa au linaharibu chai ya wenzake. Naona si haki kumlaumu mchumaji kwa uzembe wakati kilichomponza ni tope la njiani.

Wakulima, msishindilie, tumieni matenga yanayopitisha hewa na muyaweke kivulini. Viwanda vitume magari kwa saa iliyoahidiwa. Na halmashauri za Rungwe, Busokelo na Mufindi zitengeneze barabara za kwenda vituoni kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu msimu wa mvua ndio msimu wa majani mengi.